Nyumba ya bibi yetu Mkomani: tuitengeneze vipi kabla ya kuiuza?

MjukuuWaMkomani

Assalamu alaikum ndugu zangu. Mimi na ndugu zangu watatu tumerithi nyumba ya mawe ya bibi yetu katika mtaa wa Mkomani, Lamu, na baada ya mashauriano marefu tumekubaliana kuiuza, kwa kuwa sote tunaishi Mombasa na nyumba isiyokaliwa huharibika upesi. Ina ghorofa moja, daka (kibanda cha mlangoni cha kupokelea wageni) lenye baraza mbili, mlango wa nakshi, kiwanda (yaani ua ulio wazi) cha ndani, misana (kumbi ndefu zinazofuata kiwanda) miwili, na ule ukuta wa zidaka (vishimo vya mapambo ukutani) katika chumba cha ndani ambao bibi alikuwa akitukataza hata kuugusa. Imefungwa kwa miaka mitatu sasa. Chokaa imemeguka sehemu za chini za kuta, boriti mbili za chumba cha kati zimeliwa na mchwa, na vyumba vimejaa vyombo vilivyokusanywa kwa miaka arubaini.

Dalali aliyekuja kuitazama anasema wanunuzi wa siku hizi wanataka nyumba inayong'aa, na kwamba tupige plasta ya saruji kuta zote, tuweke vigae sakafuni na tuzifunike boriti kwa dari ya jasi. Fedha tulizonazo ni shilingi laki nne tu. Naomba ushauri wa wanaoijua kazi hii: tuanze na lipi, tuache lipi, na je, ni kweli kwamba nyumba ya aina hii huuzika vizuri zaidi ikifanywa mpya?

FundiChokaa

Wa alaikumu salaam. Nimefanya kazi ya chokaa katika mji huu kwa muda mrefu, na nakuombeni kwa dhati msiiguse saruji.

Kuta za nyumba zetu ni mawe ya matumbawe, na tumbawe hunywa maji kama sifongo. Unyevu wa ardhini hupanda ndani ya ukuta kila siku, lakini chokaa huuruhusu utoke na kukaushwa na upepo, kwa hiyo ukuta unaishi. Ukiuziba kwa saruji, maji hayapotei, bali hupanda juu zaidi yakitafuta pa kutokea, yakibeba chumvi, na chumvi hiyo ikikauka nyuma ya plasta huisukuma mpaka ianguke ikiwa imebandukana na uso wa jiwe lenyewe. Nimebomoa plasta za namna hiyo katika nyumba ambazo zilikuwa zimepakwa rangi nzuri sana, na jiwe lililokuwa nyuma yake lilikuwa limegeuka unga.

Fungueni madirisha na milango kwa wiki kadhaa ili kuta zikauke kabla ya fundi yeyote kuanza. Kisha panguni chokaa iliyolegea tu, na mpige mpya kwa tabaka nyembamba, kwa mchanga uliooshwa kwa maji matamu, kwa sababu mchanga wa pwani una chumvi na chumvi ndiyo adui mnayepigana naye. Msifanye kazi hiyo wakati wa masika, na wakati wa jua kali funikeni ukuta kwa magunia yaliyoloweshwa, la sivyo chokaa itakauka haraka na kupasuka.

Kuhusu boriti, msizifunike. Mtu anayeijua Lamu akiingia chumbani huinua macho kwanza, na akikuta dari ya jasi atajiuliza kuna nini juu yake. Gongeni kila boriti kwa mpini wa nyundo. Inayolia vibaya au inayomung'unyika kwa ncha ya kisu ibadilishwe, moja baada ya nyingine, huku sakafu ya juu ikiwa imeegemezwa kwa nguzo. Kumbukeni pia kwamba Mji wa Kale wa Lamu uko katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, kwa hiyo kabla ya kugusa kuta, mlango au paa nendeni kwanza katika ofisi ya Makumbusho ya Taifa hapo mjini mkaulize kibali. Mimi nimewahi kuwasaidia wateja wangu katika mazungumzo hayo na yamerahisisha kazi, kwa sababu mnapewa pia maelezo ya vifaa vinavyofaa.

Paa likivuja, laki nne zitumike hapo kwanza, kwa sababu hakuna chokaa itakayosimama chini ya paa linalovuja.

BintiLangoni

Dada yangu, nyumba ya wazazi wangu katika mtaa wa Langoni, hapa Lamu, tuliiuza miaka michache iliyopita, na nina kosa moja ambalo nisingependa mlirudie. Nilidhani nyumba safi ni nyumba tupu, basi nikavitoa vyote, vingine nikavigawa, na siku ya kwanza ya wageni kuja vyumba vilionekana kama vichochoro. Upana wa chumba chetu huamuliwa na urefu wa boriti, ndiyo maana vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba, na mgeni aliyezoea vyumba vya mraba hawezi kujua kitanda kinakaa wapi mpaka akione kimewekwa. Mteja wa kwanza alizunguka, akashukuru, akaondoka. Ilinibidi niazime kitanda cha samadari kwa shangazi yangu, mikeka, mito na kiti kimoja cha enzi (kile cha kale cha Lamu), nikavipanga upya, na wateja waliofuata walikaa kwa saa nzima.

Kwa hiyo toeni mkoba wa picha, nguo, makaratasi, sufuria na magodoro, lakini bakisheni samani chache za kale, chombo kimoja au viwili kwa kila chumba, na njia ya kupita iwe wazi kutoka tekani (ukumbi wa kuingilia) hadi kiwandani. Picha za harusi na za familia ziondolewe kabisa, maana wageni watakuja na simu zao za kupiga picha na si haki sura za akina mama zetu zisambae. Zidaka ndizo zilizonifundisha subira. Watu hujaza kila kidaka kwa maua ya plastiki na vikombe, ilhali uzuri wake ni vivuli vinavyohama kadiri jua linavyosogea; wekeni bakuli tatu au nne za kale katika zidaka chache, nyingine zibaki wazi, na mzipanguse vumbi kwa brashi laini bila maji.

Msichome udi mwingi. Nilifanya hivyo, na mgeni mmoja aliniuliza kwa upole harufu gani tunajaribu kuificha. Harufu ya unyevu hutolewa na hewa, kwa hiyo fungueni nyumba tangu alfajiri, na udi uchomwe kidogo siku iliyotangulia. Osheni birika (tangi la maji la bafuni) na hakikisheni samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu bado wamo, kwa sababu birika lenye mbu humkimbiza mtu kabla hajaiona ghorofa. Vyungu viwili vya mrihani na asumini kiwandani vinatosha. Mlango wa nakshi msiupake vanishi inayong'aa. Ukisafishwa tu, unajieleza. Na kila mara kabla ya mgeni kuja, mfagie daka na njia iliyo mbele yake, kwani punda hupita na huacha chao, na mgeni huihukumu nyumba akiwa bado mlangoni.

Waleteni wageni asubuhi kabla jua halijasimama wima, wakati mwanga unaingia kiwandani kwa mshazari na misana iko baridi. Juu ya paa wapelekeni mwisho, baada ya kuona kila kitu.

KaraniWaWakili

Ningependa kuongeza upande wa hati, kwa kuwa nyumba nyingi nzuri hukosa wanunuzi kwa sababu hii na si kwa sababu ya kuta. Hakikisheni kwanza kwamba nyumba si wakfu, kwa kuwa nyumba kadhaa za mji huu ziliwekwa wakfu na wazee, na wakfu hauuzwi. Ikiwa bado iko kwa jina la bibi yenu, mirathi ipitishwe kwa Kadhi, kila mrithi atambuliwe kwa fungu lake, na wote watie sahihi; mnunuzi makini hatatoa fedha huku ndugu mmoja akiwa hajaridhia.

Ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 4 kwa mali ya mjini, hulipwa na mnunuzi. Muuzaji kwa upande wake hutozwa kodi ya faida ya mtaji, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida. Makazi ya mtu mwenyewe husamehewa kodi hiyo iwapo ameyakalia mfululizo miaka 3 kabla ya kuyahamisha, na kwa kuwa nyumba yenu imefungwa kwa muda huo wote, msiutegemee msamaha huo bila kumwuliza mhasibu. Mteja akiwa mgeni wa nje, aelezwe mapema kwamba Katiba ya mwaka 2010 inamruhusu kumiliki ardhi kwa kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99.

Na zile dosari mlizozitaja, za boriti na za chokaa, ziandikeni na mmkabidhi mnunuzi pamoja na nakala ya hati. Dini yetu imekataza kuificha kasoro ya kinachouzwa, na kwa uzoefu wangu karatasi hiyo pia huwaondolea wauzaji mizozo ya baadaye.

MjukuuWaMkomani

Nimewasoma wote na nimewasomea ndugu zangu kwa simu, na tumekubaliana kumwambia dalali kwamba hatutapiga saruji wala kufunika boriti. Swali moja limebaki: je, tubadilishe boriti zilizoliwa sasa hivi, au tuziandike katika orodha ya dosari na tupunguze bei?

FundiChokaa

Za chumba cha kati zibadilisheni, kwa kuwa sakafu ya ghorofani imelala juu yake na wageni watatembea hapo. Doa la unyevu lililo chini ya ukuta, likiwa kavu, liacheni lionekane na mliandike. Na kabla ya kuhamisha hata mkeka mmoja, pigeni picha ya kila chumba kama bibi alivyokiacha, hasa ukuta wa zidaka, ili mnunuzi aone mlichokikuta na nyinyi mbaki na kumbukumbu.