Tupeane uzoefu: kumuuguza mzee wodini bila kusema "ni uzee tu"

Wauguzi wenzangu, kuanzia Arua hadi Kabale, tuchangie hapa. Sera ya Uganda inamhesabu mzee kuanzia miaka 60, lakini wodini huwa analazwa pamoja na watu wazima wengine na kuuguzwa vilevile. Andika unachofanya na sababu yake. Visa vya wagonjwa tuviache, vina siri za watu.

Sista wa Wodi ya Ndani
Mzee aliyekuwa na akili timamu juzi, leo hamtambui mwanawe: huyo hajazeeka usiku mmoja. Kuchanganyikiwa kwa ghafla kuna chanzo. Muulize ndugu anayemuuguza: wiki iliyopita alikuwa anaweza kufanya nini mwenyewe?

Kisha anza kwa kupima sukari ya damu. Glibenklamaidi, dawa ya kisukari, hukaa mwilini muda mrefu figo zikichoka, kwa hiyo sukari inaweza kushuka tena saa kadhaa baada ya dekstrozi (maji ya sukari ya mshipani), endelea kupima. Fuata kupima oksijeni na malaria. Gusa chini ya kitovu: mkojo unaovuja kidogo kidogo mara nyingi ni kibofu kilichojaa na kushindwa kutoa. Uliza lini alipata choo, na wapi panauma. Halafu pitia dawa zake, hasa diazepamu (ya kutuliza), Piriton (ya mzio) na amitriptilini (ya sonona na maumivu). Kumfunga kitandani au kumchoma diazepamu ili wodi itulie kunamchanganya zaidi, na akisimama anaanguka.

Kaka_Lira
Sista, ongeza hapo: aliyezoea waragi (pombe kali) kila siku na ameukosa ghafla, kwake diazepamu ni tiba. Daktari aandike dozi, nasi tuhesabu pumzi.

Na joto lisitudanganye. Mzee ambaye kawaida yake ni 36.2, akifika 37.5 ana homa. Nimonia yake inaweza kuja bila kikohozi kabisa. Hesabu pumzi dakika nzima, zikifika 25 mwite daktari.

Mama Wodi ya Mifupa
Mimi nasemea vidonda vya mgandamizo, vya kulala mahali pamoja muda mrefu, maana vingi tungevizuia. Ngozi nyeusi haionyeshi wekundu. Tumia mgongo wa mkono: pakiwa na joto, pamekakamaa au pamezidi weusi kuliko pembeni, kidonda kimeanza ndani. Angalia juu ya matako, nyonga na visigino.

Mgeuze kila baada ya saa 2, ukimwegemeza ubavu nyuzi 30. Ukimlaza ubavu kamili, mfupa wa nyonga ndio unabeba uzito wote. Mto ukae chini ya vigimbi vya miguu, visigino vining'inie. Glavu zilizojazwa maji tuziache, na tusisugue palipobadilika rangi, nyama ya chini huchanika. Ndugu afundishwe kwa vitendo, kisha bandika karatasi ukutani: saa 12 chali, saa 2 kushoto, saa 4 kulia. Mwambie asimburute kwenye shuka, amwinue.

Nesi_Mpole
Tunamwita jajja (babu au bibi) kwa heshima, halafu maelezo yote tunampa mjukuu mwenye pesa. Hapo ndipo penye tatizo letu kubwa. Muulize mwenyewe kwanza. Kaa usawa wa macho yake, upande wa sikio linalosikia, sauti nzito na ya taratibu. Kupiga kelele huifanya sauti iwe nyembamba, na sauti nyembamba ndizo anazopoteza kwanza. Wengi tunaowaita wakaidi hawajasikia.

Kaka_Lira
Panadol pia. Mwenye kilo 38 asipewe gramu 1 kwa mazoea. Hesabu miligramu 15 kwa kilo: atapata kidonge kimoja cha 500.

Zamu ya Usiku
Haya yote ni sawa, lakini muuguzi mmoja na wodi iliyojaa, saa 2 zitatoka wapi?

Mama Wodi ya Mifupa
Zamu ya Usiku, usiwapitie wote sawa. Wakati wa kukabidhiana, taja wasioweza kujigeuza. Hao tu ndio wa kugeuzwa kila baada ya saa 2. Ukifika kitandani unganisha kazi: mgeuze, mpe maji, muulize kama anataka kujisaidia, tazama ngozi. Wazee wengi huanguka wakienda chooni gizani, kwa hiyo beseni liwe karibu na kandambili zinazoteleza zitolewe. Mpira wa mkojo usiwekwe kwa sababu shuka zinalowa. Huleta maambukizi, na maambukizi hayo ndiyo humrudisha kwenye kuchanganyikiwa alikokutaja Sista.