Kwa nini tangazo la Lincoln la 1863 halikuwagusa watumwa wa Kentucky?

Mwalimu wa Lindi
Ndugu wanajukwaa, salaam. Mwanafunzi wangu wa kidato cha sita ameuliza: ikiwa vita vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilihusu utumwa, kwa nini tangazo la Rais Abraham Lincoln la tarehe 1 Januari 1863, lililowaweka huru watumwa wa majimbo ya Kusini yaliyoasi, liliwaacha watumwa wa Kentucky, Missouri, Maryland na Delaware mikononi mwa mabwana zao?

Mstaafu, Mikindani
Mwalimu, Lincoln alitangaza kama amiri jeshi mkuu, na kwa cheo hicho aliweza kumnyang'anya adui nguvu kazi yake, lakini hakuweza kufuta sheria za majimbo yaliyobaki ndani ya Muungano, yaani upande wa serikali yake, ambayo isitoshe alihofia yangemponyoka na kujiunga na Kusini. Maryland na Missouri zilifuta utumwa zenyewe kabla vita havijaisha. Kentucky na Delaware zilishikilia hadi Marekebisho ya 13 ya Katiba yalipofuta utumwa nchi nzima, Desemba 1865. Wanaodai kwamba Kusini ilipigania haki za majimbo tu wasome tamko la Mississippi, jimbo la Kusini, la kujitenga, linalotaja utumwa waziwazi tangu mwanzo.

Mkazi wa Kilwa Kivinje
Nakubaliana na mzee wangu, ila jambo hili lilifika hadi kwetu. Pamba iliyolimwa na watumwa wa Kusini ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts ikawa nguo ya merikani, wafanyabiashara wa Salem, bandari ya huko, wakaileta Unguja, na misafara ikaibeba hadi upande wa Ziwa Nyasa, ikabadilishwa kwa pembe za ndovu na kwa watu walioteremshwa hapa Kivinje. Vita vilipokata pamba, merikani iliadimika na nguo za Uingereza na India zikashika soko, misafara haikukoma. Sultani Barghash wa Zanzibar alipiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini mwaka 1873 na misafara ya bara mwaka 1876, na bado utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922 tu, chini ya Waingereza.

Mwalimu wa Lindi
Ahsanteni. Wajerumani je, walikuwa wapi?

Mstaafu, Mikindani
Walihofia kuwaudhi matajiri wa pwani wenye mashamba. Waliruhusu mtumwa ajikomboe kwa fedha, kisha wakaamuru kwamba watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 wawe huru. Wazazi wao wakabaki vilevile.