Filamu ya Dune: Part Two inastahili sifa zote hizi, au tumelewa picha?

Mchanga Mwingi (mleta mada): Nimeiangalia ukumbini, dakika 166, sijapiga hata muayo. Pale uwanja wa mapambano wa akina Harkonnen, ile familia ya maadui, chini ya jua jeusi, rangi zote zimekimbia. Mwongozaji Villeneuve na mpigapicha wake Greig Fraser walitumia kamera ya infraredi, inayonasa mwanga usioonekana kwa macho. Halafu Paul, steringi wetu, anapanda yule mnyoo mkubwa wa jangwani mara ya kwanza: mchanga unammeza, humwoni, ni ngurumo tu, kiti kinatetemeka. Imeizidi ile ya kwanza ya 2021 kwa mbali. Mbishi aje. Ila mlioangalia kwenye simu kaeni pembeni, hamjaiona.

Bando la Usiku: Kumbe kuona muvi lazima uwe na hela ya tiketi na bisi? Mimi nimeangalia kwenye simu. Chani, mpenzi wa Paul, alivyogoma kumpigia magoti akaondoka zake nimemwona, au alitokea ukumbini kwako tu?

Mchanga Mwingi: Umemwona akiwa na ukubwa wa kidole. Wamekwenda kupiga picha majangwa ya Jordan na Abu Dhabi, wewe unalitazama kiganjani.

Mzee wa Kibanda: Sisi tumeiona kibanda umiza, DJ katafsiri. Baron, yule mkuu wa akina Harkonnen, anaongea kama mwenye nyumba anayedai kodi. Tumecheka mpaka basi.

Mchanga Mwingi: Muvi hiyo si ya kucheka, mkuu. Hans Zimmer kahangaika na muziki, DJ anaupigia kelele juu yake. Tena hajatafsiri, katunga ya kwake.

Mzee wa Kibanda: Bila DJ huyo mama yangu asingemjua Paul wala Jessica. Wewe unajua Kiingereza, hongera, upewe cheti.

Msomaji Kimya: Jamani, hadithi yenyewe vipi? Jessica anawapandikizia watu unabii ili mwanawe Paul aabudiwe. Frank Herbert, mwenye kitabu chenyewe, aliyaandika hayo 1965, akituonya tusiwageuze viongozi kuwa miungu. Filamu imelifikisha hilo, au picha zimelifunika?

Bando la Usiku: Msomaji subiri, bado sijamalizana na huyu. We Mchanga, tiketi ulilipa mwenyewe au ulilipiwa?

Mchanga Mwingi: Povu la nini? Iliondoka na Oscar tatu, hata wao wamekubali.

Msomaji Kimya: Mbili. Madoido ya picha na sauti.

Mchanga Mwingi: SAUTI! Umesikia, Bando? Sauti! Wewe na hedifoni zako za elfu mbili.

Bando la Usiku: Elfu tano. Na zina besi.