Mjadala: Land Rover nzima ichinjwe ili nyingine ipone?

Mwanzisha mada:
Wakuu, fundi bodi wangu kapata Land Rover Series IIA imelala uani kwa mtu miaka mingi. Haiwaki, ila bodi imetimia, na mwenyewe anaiuza kwa spea. Mimi nina ya marehemu baba, toleo hilohilo. Fenda ya kushoto imekunjika, fremu za milango zimeoza kwa chini. Fundi anasema tuichinje ile, yaani tuing'oe vipande tufunge kwenye yangu. Mimi nakataa.

Bodi za hizi gari ni aluminiamu, maana zilipoanza kuundwa mwaka 1948 chuma Uingereza kilikuwa cha mgawo baada ya vita. Kinachooza ni vyuma: fremu za milango, na hasa chesisi, ule uti wa chini unaobeba gari. Kwa hiyo bodi zilizofiwa na chesisi zipo, tuchukue huko, zilizo kamili tuziache.

Tena watu wanachanganya bila kujua. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1960 taa za mbele zilikaa katikati, kwenye grili. Baadaye zikahamia kwenye fenda. Ukifunga fenda ya Series III, toleo lililofuata, kwenye IIA ya mwanzo, sura ya gari imeshapotea. Na mkienda kununua, bebeni sumaku. Kwenye gari nyingine za bodi ya chuma sumaku isiposhika, hapo pana puti, ile lipu ya kuzibia mabonde. Land Rover ni kinyume: fenda ikishika sumaku, umeuziwa bati la chuma.

Mchangiaji:
Mkuu, hiyo iliyolala usipoinunua wewe, atainunua wa chuma chakavu. Aluminiamu inapimwa kwa kilo, inayeyushwa, inakuwa masufuria. Nimeona kwa macho yangu boneti nzima ikikatwa kwa shoka, na kwa ndani rangi yake ya kwanza ya kijani bado ipo. Bora mlango wake uendelee kufunguliwa na kufungwa kwenye gari ya mzee wako.

Mwanzisha mada:
Hiyo ya shoka imeniuma. Basi Jumamosi naenda na tochi na nyundo ndogo, nilale chini yake niigonge chesisi. Nyundo ikizama na kutu ikamwagika, nachukua fenda na milango. Lakini kibati cha namba ya chesisi hakihami kuja kwenye gari yangu. Huo ni udanganyifu hata kama una risiti. Chesisi ikilia vizuri, siigusi hata bolti moja. Nitaweka picha hapa, na anayeitaka nzima aseme mapema kabla mtu wa mizani hajafika.