"ILE HELA TUMA KWENYE NAMBA HII": Laki mbili na nusu ya mama imeliwa na kila ofisi inanirusha kwa mwenzake

Wakuu nina hasira hadi mikono inatetemeka.

Mama yuko kijijini Singida, asubuhi kanipigia kwa simu ya jirani kwamba yake inazima zima, hela ya mahindi na dawa za presha nipitishie kwa huyo jirani, namba atanitumia. Haijapita nusu saa sms inaingia "ile hela tuma kwenye namba hii". Nikajua ndo yenyewe. Nikatuma 250,000 pamoja na ya kutolea, jina likaja la kike nikasema sawa ndo jirani. Jioni mama ananiambia mwanangu mbona kimya.

Nikapiga huduma kwa wateja ya kampuni ya simu hapo hapo, naambiwa hela imeshatolewa, nenda polisi ulete RB (namba ya taarifa iliyoandikishwa kituoni). Polisi wanasema RB tunakupa ila kalete taarifa ya muamala yenye muhuri wa kampuni, narudi kwa kampuni wanasema hiyo hatutoi mpaka barua ya polisi. Siku ya 11 leo nazunguka hivyo hivyo, na nauli natoa mfukoni.

Sasa niulize, 2019 si tulipangishwa foleni za NIDA (namba ya kitambulisho cha taifa), tukaweka vidole kusajili laini upya, tukatishiwa laini kufungwa Januari 2020, tukaambiwa ni kwa ajili ya kuwadhibiti matapeli? Hiyo namba ina kidole cha mtu, ina NIDA ya mtu, anashindikanaje kupatikana? Nyie mnaosajili kwa wale vijana wa miamvuli barabarani, akikwambia weka tena kidole haijasoma kuwa makini, hapo ndo laini ya pili inasajiliwa kwa jina lako na inaenda kuibia mama wa mtu. Pigeni *106# muone NIDA zenu zina laini ngapi. Mimi nimekuta moja siijui kabisa!!

Na makato hawajawahi kukosea hata siku moja. Julai 2021 serikali waliweka tozo mpaka 10,000 kwa muamala, watu tukalia wakapunguza, wakapunguza tena, 2023 wakafuta ya kutuma lakini ya kutoa ikabaki. Hela ya mtoto kumtumia mzazi wake, ambayo kwenye mshahara ilishakatwa kodi, njiani inamegwa tena, afu ikiibiwa hakuna anayeijua.

Namba ya tapeli nimeituma 15040 kama TCRA, wale wasimamizi wa mawasiliano, wanavyosema. Ninachotaka ni hela ya mama. Kuna aliyewahi kurudishiwa humu? Alianzia wapi, polisi wa mtaani au kitengo cha makosa ya mtandao, na hiyo barua aliipataje? Mama dawa zake zinaisha Jumatano na sina nyingine ya kutuma mpaka mwisho wa mwezi.