Mfungwa wa unyang'anyi naye apewe kalamu?

Wakuu, Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa mwaka 1969 kwa kipeperushi "Kenya: Twendapi?" kilichoisuta serikali ya KANU, chama tawala cha Kenya wakati ule. Miaka 3 ndani, mashairi akayaandika kwenye karatasi za chooni, yakatolewa kwa siri, na 1973 yakawa Sauti ya Dhiki. Mwaka uliofuata diwani ikapewa Tuzo ya Fasihi ya Kenyatta, yaani jina la rais yuleyule ambaye serikali yake ilimfunga!

Tunamsifu, na anastahili. Ila hizo karatasi za chooni hunikera zinaposimuliwa kama ushujaa mtupu. Mtu alinyimwa daftari. Tena tunamwonea uchungu kwa kuwa alikuwa mfungwa wa siasa. Je, aliyefungwa kwa kuiba? Mimi nasema apewe daftari kama anavyopewa sahani, na akiweza kuchapisha achapishe.

Kalamu Butu: Mkuu, wewe hujavunjiwa nyumba usiku. Sisi tumevunjiwa, na mzee wetu hadi leo mkono haunyooki. Nimkute mmoja wao anauza kitabu cha usiku ule? Aandike, sawa. Pesa ije kwa mzee.

Msomaji wa Daladala: Kenya mbona lilishatokea. John Kiriamiti alifungwa kwa unyang'anyi, akaandika My Life in Crime humo humo gerezani, kikatoka 1984 na kikasomwa kweli kweli. Kuhusu pesa, New York walitunga sheria ya namna hiyo 1977. Mahakama ya Juu ya Marekani ikaitengua 1991, kwa kuwa ilivyoandikwa ingenasa hata kitabu cha mwanaharakati Malcolm X, kwa kuwa humo alisimulia makosa yake ya zamani.

Mleta mada: Kalamu Butu, pole sana kwa mzee. Fidia adaiwe, tena kwa nguvu zote, lakini adaiwe kama deni lolote, awe ameuza kitabu au ng'ombe. Ukilenga kitabu peke yake, unamfundisha kuwa kosa lake jipya ni kusema.

Kalamu Butu: Ng'ombe hasimulii jinsi mzee alivyolia.

Mleta mada: Hapo umenibana. Basi jina la mzee na alama za kumtambulisha zisitokee bila idhini yake.

Bint Kisauni: Na nani atakikagua kitabu kabla hakijatoka? Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alipokuwa gereza la Kamiti 1978, askari walimnyang'anya mswada wa riwaya yake ya Kikuyu. Ulirudi kwa sababu tu mkuu mpya wa gereza aliusoma akaona hauna ubaya. Angekuwa mwingine je?