Sherehe ya miaka mitano nyumbani Dodoma: mpambaji mwenye puto, uwanja wa kulipia, au tufanye wenyewe?

Mama_Ipagala

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Binti yangu anatimiza miaka mitano mwezi ujao, na tumekubaliana na baba yake kwamba tumfanyie sherehe ya gharama nafuu ambayo watoto watatoka wamejifunza jambo. Nina njia tatu mbele yangu. Ya kwanza ni mpambaji anayekuja nyumbani na mapambo, viti vidogo, spika na lile puto kubwa la kurukia kwa shilingi 180,000, naye anataka malipo ya awali kufikia Ijumaa. Ya pili ni kuwapeleka kwenye uwanja wa michezo ambako kila mtoto analipiwa kiingilio cha shilingi 7,000 na chakula kinakuwa juu yetu. Ya tatu ni kufanya wenyewe uani kwetu, kwa michezo tutakayoipanga. Baba yake anapendelea ya kwanza, mimi moyo wangu uko kwenye ya tatu, ila naogopa watoto wakikosa cha kufanya watamaliza saa nzima wakigombana. Naomba ushauri wa waliowahi kupita njia hizi.

Mwalimu_Awali

Hongera kwa kumfikisha binti miaka mitano, dada. Kabla sijasema lolote naomba utujazie yaliyobaki, kwa sababu bila hayo kila mmoja wetu atakushauri sherehe ya mtoto wake mwenyewe. Watoto ni wangapi, mdogo kabisa ana umri gani na mkubwa je? Watu wazima watakaokuwepo tangu mwanzo hadi mwisho ni wangapi? Hiyo 180,000 imo ndani ya bajeti gani?

Baba_Pacha_Kisasa

Naongeza swali moja. Mwezi ujao ni Agosti, na ningependa kujua kama ua wako una ukuta au uko wazi upande wa mashariki. Nina sababu ya kuuliza.

Mama_Ipagala

Samahani, nilipaswa kuyasema mapema. Walioalikwa ni kumi na wawili, lakini wa mtaani watakuja tu, na siwezi kumfungia geti mtoto wa jirani, hivyo nahesabu ishirini. Mdogo ana miaka miwili na mkubwa tisa. Bajeti yote, pamoja na keki na chakula, ni 200,000. Watu wazima ni mimi, mdogo wangu na mama mkwe, maana baba yake atakuwa kazini mpaka saa kumi. Ua ni wa mchanga, una mwarobaini mmoja wenye kivuli kizuri, na upande wa mashariki kuna michongoma tu.

Baba_Pacha_Kisasa

Basi niruhusu nieleze yaliyotupata, kwa urefu, kwa kuwa sitaki mzazi mwingine ayapitie. Pacha wangu walipotimiza miaka sita tulikodi puto la aina hiyo hiyo. Ilikuwa mwezi wa saba, asubuhi ilikuwa shwari kabisa, na vijana waliolileta walifunga pembe mbili kwa kamba kwenye mti, pembe mbili zilizobaki wakaziwekea matofali, kisha wakaondoka kwenda kuhudumia sherehe nyingine na kutuachia feni inayolijaza upepo. Ilipofika saa tisa upepo wa kipupwe ukaanza, ule wetu unaokuja kwa mikupuo na vumbi. Mkupuo wa kwanza uliinua pembe moja, matofali yakabingirika, nasi tukayarudisha tukidhani yamekwisha. Mkupuo wa pili ulikuja pamoja na umeme kukatika. Puto lililegea likawafunika watoto tisa waliokuwa ndani, wakubwa wakawa wanawakanyaga wadogo kwa kutafuta mlango, na upepo ulikuwa unalivuta upande mmoja huku sisi wanaume watatu tukilivuta upande wa pili na mama zao wakiwatoa mmoja mmoja kwa miguu. Namshukuru Mungu kwamba yaliishia kwenye mikwaruzo na jino moja la utoto lililong'oka, lakini binti yangu mmoja mpaka leo hataki kuingia mahali pa kubana. Nilipompigia mwenye puto, alijibu kwamba usimamizi ulikuwa juu yangu.

Baadaye nilisoma kwamba mwongozo wa usalama wa Uingereza unataka puto la nje lisitumike upepo ukizidi kilomita 38 kwa saa, lifungwe ardhini kwa vigingi, na asimame mtu wa kulisimamia muda wote. Sisi hatukuwa na hata kimoja kati ya hayo. Kwa ua ulio wazi mashariki, mwezi wa Agosti, na watoto wa miaka miwili wakichanganyika na wa tisa, nakusihi usilipie hilo puto.

Dereva_Chang'ombe

Pole sana kwa mkasa huo, baba pacha, ila nadhani kosa lilikuwa la ufungaji, puto lenyewe halikuwa na tatizo. Mimi natetea njia ya pili. Tuliwapeleka watoto kwenye uwanja wa kulipia, wakabembea, wakachoka, wakala, tukarudi nyumbani ambako hapakuwa na cha kufagia. Mama anayefanya sherehe nyumbani haioni sherehe yenyewe, kwa sababu yuko jikoni.

Mama_Ipagala

Nakuelewa, kaka, lakini watoto ishirini kwa 7,000 ni 140,000 kabla ya nauli, na wale wa mtaani sitakuwa na namna ya kuwachukua. Hilo ndilo linalonizuia.

Mwalimu_Awali

Sasa naweza kusema. Kwa watoto ishirini na watu wazima watatu, usijaribu mchezo mmoja wa wote, kwa sababu wa miaka miwili hawezi kusubiri zamu na wa tisa hawezi kuvumilia mchezo wa mdogo. Wagawe katika vituo vitatu, kila kituo na mtu mzima wake, na ikipita kama robo saa makundi yabadilishane. Hivyo ndivyo tunavyofanya darasani, na gharama yake haifiki hata bei ya keki. Sherehe nzima isizidi saa mbili, tuseme saa nane na nusu hadi kumi na nusu, kwa sababu baada ya hapo wadogo wanalia kwa uchovu na mzazi anadhani ameharibu jambo.

Kituo cha kwanza kiwe cha beseni la maji lenye vitu vya nyumbani, kama kijiko, kizibo, jiwe, boga dogo na limau, na kila mtoto aseme kwanza kama kitu kitaelea au kitazama, ndipo akitumbukize. Wanapoona boga zito linaelea na kijiko chepesi kinazama, maswali yanakuja yenyewe. Tafadhali mtu mzima asiondoke hapo hata kidogo, kwa sababu ya yule wa miaka miwili. Kituo cha pili kiwe cha kupanda mbegu kwenye makopo, na kila mtoto aondoke na kopo lake, ambalo litachukua nafasi ya ile mifuko ya peremende tunayogawa mlangoni. Cha tatu kiwe cha kuchora.

Msanii_wa_Kondoa

Hapo kwenye kuchora naomba mniachie nafasi. Sisi wa mkoa huu tuna michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, na watoto wetu wengi wanafika darasa la saba hawajaisikia. Wachoraji wa kale walitumia udongo mwekundu, wakachora twiga, tembo, swala na watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu. Chukua maboksi makubwa dukani, yapasue, yasimamishe ukutani kama mwamba, kisha chekecha udongo mwekundu na kuukoroga kwa maji na uji mwepesi wa ngano ili ushike. Brashi ni kijiti kilichotafunwa ncha kama mswaki. Mchoraji mdogo aanze kwa kiganja chake, mkubwa achore mnyama. Kwa kuwa kule Kolo kuna pia michoro myeupe iliyochorwa juu ya ile myekundu, unaweza kuongeza chokaa kidogo kwa rangi nyeupe.

Muuguzi_Makole

Chokaa hapana, ndugu msanii, naomba sana. Chokaa ikiingia machoni inaunguza, na mtoto wa miaka miwili hupeleka mkono machoni kabla hujamaliza kumkataza. Unga wa muhogo uliokorogwa kwa maji unatoa weupe wa kutosha.

Msanii_wa_Kondoa

Umenisahihisha ipasavyo, na ninaondoa neno langu. Unga wa muhogo.

Mkulima_Hombolo

Mimi nasimama upande wa kufanya nyumbani, na nasimama zaidi upande wa mazao yetu. Kwenye makopo pandeni alizeti, kwa kuwa ndiyo sura ya mkoa wetu, na mtoto ataona jinsi mche unavyoinuka na kofia ya ganda kichwani. Muwe na uhakika tu kwamba mbegu hazijakaangwa. Kwa chakula, Agosti ni msimu wa mavuno ya pili ya zabibu, hivyo badala ya soda nunueni kreti, ziwekwe mezani watoto wachume wenyewe kama wako shambani. Karanga nazo ni tele.

Mwalimu_Awali

Zabibu naafiki, lakini alizeti huchukua wiki au zaidi kuchomoza, na mtoto wa miaka mitano siku ya nne ameshalisahau kopo. Choroko huchipua ndani ya siku mbili tatu. Darasani kwangu nimejaribu zote mbili, na choroko ndizo zinazowafanya watoto wakimbilie dirishani asubuhi.

Mkulima_Hombolo

Kusubiri nako ni somo, mwalimu. Mtoto anayeona jibu kila siku ya pili hatajua kilimo ni nini.

Muuguzi_Makole

Naomba turudi kwenye zabibu, kwa sababu zimepita kama jambo dogo. Zabibu nzima ni miongoni mwa vyakula vinavyokaba watoto wadogo, kwa kuwa ni ya duara, inateleza, na inaziba njia ya hewa kama kizibo. Kwa wote walio chini ya miaka mitano zikatwe kwa urefu, vipande vinne. Karanga nzima na bisi wasipewe kabisa. Tumieni karanga zilizosagwa zikapakwa kwenye mkate, na ulizeni wazazi kwanza kama kuna mtoto anayedhurika na karanga. Maputo madogo yakipasuka, vipande viokotwe papo hapo. Watoto wale wameketi, wasile wakikimbia.

Na ikiwa mtoto aliyevuka mwaka mmoja amekabwa, hawezi kukohoa wala kutoa sauti, mwinamishe mbele umpige kwa kiganja mara tano katikati ya mabega. Ikishindikana, simama nyuma yake, weka ngumi juu kidogo ya kitovu, shika ngumi hiyo kwa mkono mwingine, na vuta ndani na juu mara tano, kisha rudia yote huku mwingine akitafuta usafiri wa hospitali. Mama Ipagala, mfundishe hili mdogo wako na mama mkwe kabla ya siku hiyo.

Mama_Ipagala

Asante sana, dada muuguzi. Nimeliandika kwenye daftari. Nakiri nilikuwa nimeshapanga bakuli la karanga na bisi kila meza.

Bibi_Kikuyu

Wanangu, nimewasoma wote, na ninaona mnamtengenezea mtoto darasa siku ya Jumamosi. Mtoto anahitaji pia kucheza bila kuulizwa amejifunza nini. Waacheni wakubwa wacheze rede na kombolela, na wadogo wachezee mchanga, maana ua wa mchanga ni neema. Nikitaka kuwafundisha wajukuu zangu huwa nawakalisha mwarobaini ukitupa kivuli, natega vitendawili. Ninaposema "nyumba yangu haina mlango," atakayejibu yai hukimbia kulitafuta mahali nilipolificha, na ninaposema "kuku wangu katagia miibani," wanakimbizana kutafuta nanasi. Nanasi hilo ndilo tunalolikata na kulila. Halikunigharimu mpambaji.

Mwalimu_Awali

Shikamoo, bibi. Hilo la vitendawili ni zuri kuliko kituo changu cha maji, na wale wa miaka saba hadi tisa ndio niliokuwa nawatafutia kazi. Hata hivyo, mchezo huru uwe baada ya vituo, kwa sababu ukianza nao hutaweza kuwakusanya tena.

Bibi_Kikuyu

Marahaba, mwanangu. Mimi ningeanza nao, ili wageni wazoeane. Mtoto aliyefika sasa hivi kwenye nyumba ngeni hushika nguo ya mama yake, hatapanda mbegu.

Dereva_Chang'ombe

Na keki je? Bado hamjaigusa, na ndiyo inayokula fedha.

Mama_Ipagala

Niliambiwa 60,000 kwa keki ya kilo mbili. Mama mkwe anasema ataioka kwenye jiko la mkaa, sufuria ndani ya sufuria lenye mchanga, makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko. Nimeshawahi kuila keki yake na sina wasiwasi nayo, isipokuwa haitakuwa na ile sura ya dukani.

Baba_Pacha_Kisasa

Pacha wangu hawakumbuki sura ya keki yoyote. Umempigia mpambaji?

Mama_Ipagala

Baba yake amesoma mkasa wako, kaka, akakaa kimya muda mrefu. Sasa anataka nimuulize mpambaji kama atatukodishia viti na spika peke yake, bila puto, na mpambaji hajajibu. Anasema pia kwamba binti ameshawaambia wenzake kutakuwa na puto, na kuvunja ahadi ya mtoto ni jambo zito. Hapo bado hatujaafikiana, na Ijumaa iko karibu. Nikimaliza hilo, nitakuwa na suala la alizeti au choroko.

Mkulima_Hombolo

Hilo la mwisho nimelifikiria upya. Chukua choroko gao moja, ziloweke Jumatano usiku, Alhamisi asubuhi zichuje uzifunike kwa kitambaa kibichi, na uzinyunyizie maji asubuhi na jioni. Jumamosi zitakuwa zimetoa mikia, watoto watazishika waone mzizi unaanzia wapi, kisha wapande alizeti kavu kwenye makopo yao. Toboeni makopo chini kwa msumari, maana yasipotobolewa mbegu itaoza.